Nguzo Huozea Shingoni

Asubuhi moja ya Aprili 2018, masika ikiwa imepamba moto, nilishika nguzo ya uzio wangu ili nivuke dimbwi bila kutumbukiza kiatu. Nguzo ikaja nami. Nilitua katikati ya dimbwi lenyewe nikiwa nimeikumbatia, nyuzi tano za seng'enge zikiwa bado zimeng'ang'ania ubavuni mwake na kuziinamisha nguzo za kulia na kushoto kama watu wanaochungulia ajali. Kitako cha futi mbili kilibaki ardhini ndani ya zege lake. Nilipokuja kukifukua kilikuwa kigumu, kina rangi ya mti. Huku juu nako mti ulikuwa mzima. Palipokatika ni pale tu inapochomoza kutoka ardhini, na pale palikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Uzio ule ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Fundi aliyeujenga alikuwa ameniambia, "Mwalimu, huu utawaachia wajukuu." Wakati huo sikuwa na mjukuu hata mmoja. Bado sina.

Shamba langu liko wilaya ya Mvomero, Morogoro. Ni ekari mbili na kidogo, upana mita 70 na urefu mita 120. Upande wa juu ni udongo mwekundu unaokunywa maji vizuri. Upande wa chini, kuelekea korongoni, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao masika unang'oa viatu na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyuma ya shamba kuna njia ya ng'ombe wanaoteremka kunywa maji. Mimi nafuga mbuzi wa maziwa na nina mipapai. Kwa hiyo uzio wangu una kazi mbili, kuzuia wa ndani wasitoke na wa nje wasiingie, na wa nje wana uzito wa kilo mia tatu kila mmoja na hupenda kujikuna.

Ule wa kwanza tuliujenga Agosti 2016 kwa mikaratusi mibichi tuliyokata wiki ileile, maganda yakiwa juu yake. Vitako tulivichovya kwenye pipa la oili chafu kutoka gereji. Mashimo yalikuwa ya futi mbili, mengine yakipungua kidogo kadiri jua lilivyopanda. Kila shimo likapata nguzo yake na ndoo moja ya zege. Nilikopa SACCOS kununua saruji. Nilipomaliza nilisimama getini nikapiga picha.

Dalili ya kwanza ilikuja kabla hata ya vuli. Nguzo zilianza kucheza ndani ya zege lake. Ukizishika zinatoa sauti kama jino linalotaka kung'oka, kwa sababu mti mbichi ulikuwa unakauka na kusinyaa, na zege halisinyai nao. Kukawa na mwanya wa unene wa shilingi kuzunguka kila nguzo. Mvua iliponyesha, maji yakaingia kwenye mwanya ule yakakaa, maana chini zege lilikuwa limeziba kama bakuli. Nilikuwa nimeinunulia kila nguzo kikombe cha kuogea. Wakati huohuo mchwa wakapanda kati ya gamba na mti, wakajenga njia zao za udongo, wala oili chafu haikuwahangaisha. Ile oili haikuwa imeingia popote. Mti mbichi umejaa maji, utainyweaje? Ilikuwa imepaka uso tu, mvua mbili ikateremkia udongoni, nami kisima changu kiko hatua arobaini kutoka pale. Hilo nalijutia kuliko hata uzio.

Wiki ile nguzo ilipokuja nami, mbuzi wangu saba walipita kwenye pengo wakala tuta zima la mchicha wa jirani. Tukafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nililipa, na nikaambiwa maneno ambayo mwalimu hapendi kuambiwa mbele ya wanafunzi wake.

Aliyenifundisha kusimamisha nguzo ni mzee mmoja wa kitongoji cha pili, mtu wa Nyanda za Juu aliyehamia kwetu kumfuata binti yake. Ujana wake wote aliutumia Mufindi, kwenye misitu ya kupandwa na baadaye kwenye matangi ya kutia nguzo dawa. Alikuwa anapita njia ya ng'ombe, akanikuta nimechuchumaa natazama vitako. Nikamwamkia. Akaitikia, akachukua kipande kilichokatika, akakiminya kwa kidole gumba mpaka maji yakatoka.

"Mwalimu, wewe umezitunza miguu," akasema. "Nguzo haifi kwa miguu. Nguzo inaozea shingoni."

Akanieleza jambo ambalo mimi, mwalimu wa sayansi, nilipaswa kulijua. Ukungu unaoozesha mti unataka chakula, maji na hewa kwa pamoja. Huku juu hewa ipo lakini mti unakauka upesi baada ya mvua. Kule chini kabisa maji yapo lakini hewa ni haba. Pale shingoni, inchi chache juu ya ardhi na inchi chache chini yake, vyote vitatu vinakutana, na ndipo pia mzigo wote wa waya na ng'ombe unapokuja kupinda mti. Somo la kidato cha pili hilo. Nimelifundisha miaka kumi na moja kwa kuchora mkate kwenye ubao, wala sikuwahi kufikiri nguzo yangu ni mkate.

Aliniambia nisinunue chochote mpaka Juni. Nilitaka kuanza siku ileile kwa aibu ya mchicha. "Sasa hivi ardhi ni uji. Agosti itakuwa tofali. Juni ndiyo inachimbika na ndiyo inashindilika." Uzio wa kwanza niliujenga Agosti kwa sababu ndipo shule zilipofunga.

Nguzo zenyewe zilinipa funzo la pembeni. Mzee alinituma nitafute zilizotiwa dawa kwa mgandamizo, zile za rangi ya kijani kibichi iliyofifia, ambazo dawa yake ni chumvi za shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo inakaushwa kwanza, inaingizwa kwenye tangi, hewa inavutwa, halafu dawa inasukumwa ndani kwa nguvu. Inaingia kwenye mti laini wa pembeni tu, kiini hakinywi. Ndiyo maana nguzo ya mviringo inafaa kuliko iliyopasuliwa kwa msumeno: ya mviringo ina pete nzima ya dawa kukizunguka kiini, iliyopasuliwa imeachwa uchi upande mmoja. Muuzaji wa kwanza niliyemfuata alikuwa na nguzo za kijani kizuri sana. Nikamwomba anikatie moja inchi tatu kutoka mwisho, nitalipia. Akasita. Alipokata, ukijani ulikuwa mwembamba kama ukucha, ndani mweupe pee. Zilikuwa zimechovywa. Nililipa ile moja nikaondoka nayo, na leo imefungwa kamba ya kuanikia nguo, na imeshaanza kuyumba. Kwa muuzaji wa tatu pete ya kijani ilikuwa na upana wa kidole, na mti ulikuwa mkavu, unalia ukiugonga. Hizo ndizo nilizochukua, urefu futi nane.

Hapo kuna kanuni moja ambayo nimeona watu wengi wakiivunja. Ukihitaji kuifupisha nguzo ya namna hii, kata kichwa, usikate kitako. Na kichwa ulichokikata kielekee juu, kikiwa kimechanjwa mshazari ili mvua iteremke. Vipande vilivyobaki vilinigombanisha na kijana wa kazi aliyevikusanya ili achemshie chai. Moshi wake una aseniki. Tulivifukia mbali na kisima na mboga, akaninunia mpaka jioni.

Basi, shimo. Mzee alikata fito akaitia alama kwa kisu, futi mbili na nusu, akasema hiyo ndiyo msahafu wetu, kila shimo litaulizwa kwa fito hiyo na si kwa macho. Nguzo ya futi nane inabaki na futi tano na nusu juu, yaani karibu theluthi iko ardhini. Kona na geti tukaenda futi tatu na nusu. Upana nao ana msimamo wake. Mimi nilizoea kuchimba shimo la kuzika mbuzi ili chepe lizunguke. Yeye anataka shimo jembamba, kuta zilizonyooka, nafasi ya vidole vinne tu kati ya nguzo na ukuta. Udongo ambao haujachimbwa ndio mgumu kuliko wowote utakaoushindilia, kwa hiyo kila unachokichimba bila sababu unakitoa kwenye nguvu za nguzo yako. Tulibomoa kwa mtaimbo na kuteka udongo kwa kopo la rangi, tumelala kifudifudi, mkono umezama mpaka begani. Kazi ya kutambaa. Mashimo kumi na mawili kwa siku, watu watatu, tukifanya mchezo kumi.

Kwenye udongo mwekundu tulitandika kokoto za kina cha kiganja chini ya nguzo, maji yapate pa kuendea. Nilipofika upande mweusi nikataka kufanya vivyo hivyo, akanizuia. Mfinyanzi haupitishi maji. Ukiweka kokoto chini umemchimbia nguzo kisima. Nitarudi huko kwenye udongo mweusi.

Kushindilia ndiko hasa nilikokuwa sikujui. Nguzo ya kwanza alinitaka niisimamishe mwenyewe, naye akakaa kwenye kivuli cha mpapai. Nikaweka nguzo, nikajaza udongo mpaka juu, nikapandapanda kwa buti, nikapiga mtaimbo mara ishirini hivi. Ilionekana imara. Akainuka, akaisukuma kwa kidole kimoja cha shahada, ikaenda. Akaivuta, ikarudi. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi waliojibu bila kusoma swali.

"Umeshindilia kofia," akasema. "Chini bado ni unga."

Tukaing'oa. Akaniambia nishike konzi ya udongo niuminye. Ukishikamana bila kunilowesha vidole, uko sawa. Ukimwagika kama mchele, nyunyiza maji. Ukitoa maji, subiri kesho. Kisha akatupia shimoni udongo wa kina cha kiganja tu, hauzidi hapo, akaanza kuupiga kwa mti mzito wenye kichwa bapa, akizunguka nguzo taratibu. Mwanzoni sauti ilikuwa *pu, pu*, kama mtu anapiga godoro. Baada ya mizunguko mitatu minne ikabadilika. Ikawa fupi, kavu, na mti wenyewe ukawa unaruka kidogo mkononi kila unapotua. "Umesikia? Imeitika. Sasa ongeza." Kiganja kingine. Godoro tena, halafu kuitika tena. Matabaka saba mpaka juu, na kwenye kila tabaka la pili aliangalia wima kwa jiwe lililoning'inizwa kwenye uzi, pande mbili, mbele na ubavuni.

Tulipofika juu niliona jambo ambalo sikuliamini mpaka nguzo ya tano. Udongo wote uliotoka shimoni ulikuwa umerudi, nguzo nayo imo humo na imechukua nafasi yake, na bado udongo haukutosha. Tulilazimika kuteka mwingine pembeni ili tujenge kichuguu kidogo cha kufukuza maji shingoni. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu. Nikiona karibu na nguzo kuna rundo la udongo uliobaki, najua aliyeisimamisha alichoka kabla ya nguzo kukubali.

Saruji haikutumika hata kijiko. Sisemi kwamba ni dhambi. Kama umebanwa na zege, acha chini wazi juu ya kokoto ili lisiwe bakuli, na juu lipandishe lipite usawa wa ardhi likiteremka kila upande. Lakini kwa nguzo za katikati, fedha za mifuko ile ningezipeleka kwa vijana wawili wa kushindilia na chai yao.

Mti wa kushindilia, siku ya kwanza, ulikuwa mchi wa kinu cha nyumbani. Mzee aliuliza kama nina mti mzito ulionyooka, nikaukumbuka jikoni. Mke wangu aliukuta jioni umejaa udongo mwekundu. Siku ya pili tulichonga wetu.

Kona tulizisimamisha kabla ya zote. Ukishapata kona nne, unavuta uzi chini na uzi juu, na kila nguzo ya katikati inasimama upana wa unyasi kutoka kwenye uzi, isiuguse, kwa sababu nguzo moja ikiusukuma uzi zote zinazofuata zinakuwa waongo. Nguzo za katikati tuliziachanisha mita tatu. Mzingo ni mita 380, kwa hiyo zilikuwa kama 127.

Nguzo ya kona haifanani na nyingine. Ya katikati inabeba waya tu. Ya kona inavutwa na nyuzi tano mchana na usiku, na kutoka pande mbili. Kwenye uzio wa kwanza kona zangu zote nne zilikuwa zimeinamia ndani ya shamba ndani ya miezi mitatu, waya ukalegea, mbuzi wakajifunza kupita kwa magoti. Nilidhani waya ndio mbovu nikawa naukaza, na kila nilipoukaza niliizidishia kona kuinama. Nilikuwa namkaba shingo mtu kisha nashangaa anaanguka.

Safari hii, mita mbili na nusu kutoka kila kona, kwa kila upande, tulisimamisha nguzo ya pili ya kina kilekile. Kati ya hizo mbili tukalaza mti karibu na juu, umechomekwa kwenye vikato vifupi. Halafu waya mzito ukatoka chini kabisa ya nguzo ya kona, ukapanda mshazari mpaka juu ya nguzo ya pili, ukasokotwa kwa kipande cha nondo mpaka ukaimba. Hapa nilikosea nikaufunga kinyume, juu ya kona kuja chini ya ile ya pili, na kwa macho unaonekana sawa kabisa. Mzee hakusema kitu. Alivuta uzi wa seng'enge kwa mikono miwili, na mshazari wangu ukalegea kama kamba ya nguo. Nilipougeuza, kadiri alivyovuta ndivyo ulivyokaza. Mti uliolazwa unasukuma kichwa cha nguzo ya pili, na mshazari unakizuia kichwa hicho kwa kukifunga kwenye kitako cha kona. Nimewachorea wanafunzi mchoro huo mara nyingi tangu wakati ule, na kila mwaka nusu ya darasa wanaufunga kinyume kama mimi.

Nguzo ya geti nilitaka kuifanyia ujanja wa fundi wa zamani, yaani zege nyingi. Mzee akaniuliza geti likining'inia, kichwa cha nguzo kinataka kwenda wapi. Kuelekea getini. Basi shingo itasukuma udongo wa upande wa geti, na kitako kitateleza upande wa pili. Tukatafuta mawe mawili makubwa bapa. Moja tukalizika chini kabisa, nyuma ya kitako, upande usio wa geti. La pili tukaliweka juu, chini kidogo ya uso wa ardhi, upande wa geti. Katikati udongo ulioshindiliwa. Geti langu ni la chuma, watoto wanalipanda, na mpaka leo komeo linaingia tunduni bila kuinuliwa.

Sasa ule udongo mweusi.

Ninaposoma maelekezo ya watu kuhusu uzio huwa naona wanaandika kana kwamba ardhi ni moja. Upande wangu wa chini ni mita kama mia moja na hamsini za uzio, na umenichosha kuliko mita zote za juu. Mfinyanzi ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunyata na kuachana na nguzo, mwaka baada ya mwaka, kama mkono unaoshika na kuachia. Ukiurudisha shimoni ule ule uliouchimba, utashindilia mpaka uitike, na Oktoba utakuta mwanya umeizunguka nguzo. Zege nalo tuliliona kwenye uzio wa kwanza: yale mabonge yaliyokuwa mapana juu na membamba chini, kama yai la bata, udongo ulipovimba uliyashika chini ya mabega ukayainua. Nguzo mbili zilikuwa zimepanda inchi nne zikiwa na zege lao miguuni.

Tulichofanya ni kuchimba futi tatu badala ya mbili na nusu, na kujaza moramu, ule udongo wa changarawe wa kutandika barabara, iliyoletwa kutoka upande wa barabarani badala ya udongo mweusi. Moramu yenye unyevu inashindilika vizuri na haivimbi. Shida yake ni kwamba shimo lenye moramu katikati ya mfinyanzi linaweza kukusanya maji, kwa hiyo inchi sita za juu tulifunika kwa mfinyanzi wenyewe, umekandwa, umepandishwa kichuguu kikubwa. Kila mwaka baada ya kiangazi kichuguu hicho kinapasuka na lazima mtu apite na jembe akizibe kabla ya vuli. Mtu huyo ni mimi. Sijapata njia ya kuikwepa kazi hiyo, na Mzee pia hakuwa nayo. Alisema udongo mweusi ni wa mpunga, mimi ndiye niliyekwenda kuuomba ubebe nguzo.

Kwenye mita thelathini zilizo mbaya zaidi, karibu kabisa na korongo, nilikata tamaa na miti iliyokufa nikapanda minyaa. Inasukwa na waya, inakunywa maji inayopewa, haiozi shingo kwa sababu ina mizizi. Utomvu wake tu ndio wa kuogopa, ukiingia jichoni utalia siku nzima, na watoto nimewaonya mpaka wamechoka.

Waya niliuweka upande wa ndani kwa mbuzi na upande wa nje kule wanakopita ng'ombe, ili mnyama anapoegemea aisukume seng'enge kwenye nguzo na sio kung'oa misumari. Misumari ile ya U haipigiliwi mpaka izame. Inaachwa uzi upite ukiteleza, na inakaa mshazari kidogo ili miguu yake miwili isiingie kwenye mshipa mmoja wa mti na kuupasua. Hayo yalikuwa ya siku mbili, hayakuwa na kisa.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ndizo zilizoukagua uzio wangu. Korongo lilifurika, maji yakasimama upande wa chini siku nyingi, nikawa nakwenda kila asubuhi na bisibisi mfukoni. Januari maji yalipopungua nilizunguka shamba zima. Kwenye kila nguzo nilichimbua udongo wa shingoni kwa kidole, kina cha inchi tatu, nikasukuma bisibisi. Inapogoma mti ni mzima. Inapoingia kama kwenye embe, imekwenda. Upande wa juu hakuna iliyokwenda. Upande wa chini zilikwenda sita, na zote zilifuatana. Nilirudi nyumbani nikatafuta daftari la kazi la 2018. Tarehe za nguzo zile nilikuwa nimesafiri kusahihisha mitihani, nikawaachia vijana wamalize. Nilipozing'oa, mashimo yalikuwa ya futi mbili kasoro na moramu ilikuwa imewekwa juu tu. Ile fito yenye alama nilikuwa nimeondoka nayo kwenye gari bila kujua.

Nilizisimamisha upya Juni iliyofuata, mimi na mwanangu wa mwisho. Mzee siku hizi magoti hayamruhusu kufika kwetu. Alimtuma mjukuu wake aje aone, na mjukuu, ana miaka kumi au kumi na moja, alifika akaniamkia, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kwanza akaisukuma kwa kidole cha shahada. Kisha ya pili. Alipofika ya nne akasimama, akaisukuma tena, akageuka kunitazama.

"Hii, Mwalimu," akasema, "nitamwambia Babu nini?"

Nikachukua mtaimbo tukaanza kuing'oa.